Aliyekimbia vita asipewe wavu peke yake, apewe na mwenye mtumbwi wa kumfundisha mto

Kando ya Luama na kando ya Lualaba, mtu aliyekimbia vita anafika akiwa na mikono yake tu. Shamba lina wenyewe. Nyumba ni ya familia iliyompokea. Lakini mto unapita pale mbele yake, na kila asubuhi anaona watu wanapanda kutoka kivukoni wamebeba kambale na tilapia za kupeleka sokoni. Hapo anaanza kujiuliza kama yeye pia hawezi.

Katika vijiji vingi vya kusini mwa Maniema swali hilo halipewi jibu la wazi. Wengine wanamwambia mto si wa wageni. Wengine wanamuuzia kipande cha chandarua na kumwonyesha mahali maji ni mafupi. Na yuko anayeazima mtumbwi wa shemeji jioni, anaingia peke yake, na usiku familia inaanza kumtafuta kwa tochi. Kati ya njia hizo tatu hakuna inayomlisha mtoto kwa muda mrefu, na ya tatu inaweza kumwacha yatima.

Iko njia ya nne, na haihitaji mradi mkubwa wala wageni kutoka Kinshasa. Mtu asiyejua mto apande mtumbwi wa mtu anayeujua, kwa mapatano yaliyosemwa mbele ya watu kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Viongozi wa Kasongo na Kabambare, machefu wa vijiji na mashirika yanayosaidia waliohama wangefanya vizuri kuitilia nguvu njia hiyo kabla ya kugawa wavu hata mmoja.

Kwanza ni lazima kukubali kwamba waliohama si watu wa aina moja. Yuko aliyetoka upande wa Salamabila, ambaye maisha yake yote alilima mihogo na mpunga au alichimba dhahabu. Huyo hajawahi kushika kasia. Na yuko aliyetoka Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye amezaliwa ndani ya uvuvi. Watu wanamchukua huyu wa pili kama fundi tayari, na hapo ndipo wanakosea. Kule ziwani alivua usiku, akiwa na taa za kuita ndakala na migebuka juu ya maji, na wenzake wakivuta wavu mmoja mkubwa. Ziwa lina mawimbi na upepo, na kina chake kinafika mita 1,470. Mto una mkondo. Ziwani, upepo ukitulia, mtumbwi nao unatulia. Mtoni, ukiacha kupiga kasia kwa muda wa kuwasha sigara, umeshapita kijiji. Kuna miti iliyolala chini ya maji, kuna viboko wanaolinda njia yao, kuna mamba. Kuna mbenga anayekata uzi kwa meno kama makasi. Kuna samaki wa umeme, ambaye mgeni akimshika kwa mkono wenye maji anapigwa ganzi hadi begani na anaweza kuangukia nje ya mtumbwi. Mwenyeji alijifunza hayo yote akiwa na miaka minane, nyuma ya baba yake. Mgeni wa miaka arobaini hana baba wa kumkalisha nyuma, na mara nyingi anaona haya kuuliza.

Wenye mitumbwi nao wana maneno yao, na si maneno ya kudharau. Wanasema samaki wanapungua. Wanasema wakimfundisha mtu leo, kesho ataweka nyavu zake mahali pao pa siku zote. Wanasema mtumbwi ukipasuka mkononi mwa mgeni, hakuna wa kulipa mti wala fundi wa kuuchonga. Na wanasema, kwa sauti ya chini, kwamba hawajui kila anayefika ametoka wapi na anafuatwa na nani. Katika eneo ambako watu wenye silaha wamepita mara nyingi, woga huo hauwezi kuitwa roho mbaya.

Woga huo ni wa zamani kwenye mto huu. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, katika eneo la Kasongo la leo, akitaka mitumbwi ya kushuka Lualaba. Alikaa miezi akibembeleza na hakuipata. Watu wa mto walikwisha kuona misafara ya biashara ya watumwa inavyofanya ikipewa njia ya kuvuka. Tarehe 15 Julai mwaka ule ule, watu wa misafara hiyo walifyatua bunduki katikati ya soko la Nyangwe. Wengine wengi walizama wakikimbilia mitumbwi. Livingstone aliandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Baada ya siku ile, nani angemlaumu mwenye mtumbwi aliyemkatalia mgeni? Lakini anayefika leo kivukoni na watoto wanne na sufuria moja hana bunduki. Yeye ndiye anayekimbia bunduki. Mwenye mtumbwi ana haki ya kumuuliza anatoka wapi na nani anamjua, na chefu wa kijiji ana kazi ya kusaidia kupata jibu. Majibu yakiisha kupatikana, hakuna sababu ya kumwacha ukingoni.

Kwa upande mwingine wa dunia, kumchukua mtu asiyejua kuvua ni biashara inayoheshimiwa. Huko Marekani, kwenye Ziwa Michigan, samaki anayeitwa samoni hakuwa wa ziwa lile. Mwaka 1966 serikali ya jimbo la Michigan ilianza kupanda vifaranga vya samoni wa Bahari ya Pasifiki katika mito inayoingia humo, na wakakua. Leo watu wa mjini ambao hawajawahi kushika ndoano wanalipa nahodha awapeleke kuvua samoni na trauti. Nahodha anawapa fimbo, uzi na chambo, anawaonyesha namna ya kushika, na hakuna anayewacheka. Sheria inamtaka awe na leseni ya kubeba watu wanaolipa, na awe na jile la kuokoa kwa kila mtu. Wao wanakwenda kujifurahisha. Mtu wa Kabambare anakwenda kutafuta kitoweo cha kula na bugali, kwa hiyo mambo hayo mawili hayalingani. Hata hivyo kuna kitu kimoja kule kinachofaa kuletwa huku: mtu asiyejua hachukuliwi kama mzigo wala kama mwizi, na anayejua ndiye anayejibu kwa ajili ya uhai wake hadi wanaporudi ukingoni.

(Kupanda samaki mahali ambapo hawakuwepo si jambo la wazungu wa mbali tu. Sambaza wa Ziwa Kivu ni samaki wa Tanganyika. Walipelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna mtu wa Bukavu anayewaita wageni.)

Sasa mapatano yenyewe yawe namna gani? Wazee wa mto wanaweza kuyatunga vizuri zaidi kuliko mtu wa ofisini, lakini mambo fulani hayafai kuachwa.

Siku za kwanza ziwe za mchana, karibu na ukingo, kwa ndoano na si kwa wavu. Ndoano inamfundisha mtu kukaa. Mtu asiyejua akisimama ndani ya mtumbwi uliochongwa katika mti mmoja, wote wanaingia majini, na wavu uliomwagika ndani ya maji unafunga miguu ya aliyeanguka. Kwa hiyo ajifunze kwanza kukaa chini, kupiga kasia bila kugonga ubavu, kutoa maji kwa kopo, kumtoa kambale kwenye ndoano bila kuchomwa na miiba yake ya ubavuni. Wavu utakuja baadaye. Mtoto asipandishwe kwa kisingizio cha kutoa maji. Mvua ikianza kujikusanya upande wa milima, mtumbwi urudi, hata kama samaki ndiyo wameanza kula. Luama inatoka katika milima ya Kivu ya Kusini, na maji yake yanaweza kupanda hapa wakati hapa hapajanyesha tone.

Jile la kuokoa ni vigumu kulipata katika vijiji hivi. Bidoni la litre 20 linapatikana. Likiwa tupu, likafungwa kifuniko vizuri na kufungwa kamba ya kushikia, linamwelesha mtu mzima hadi wenzake wamfikie. Bidoni moja kwa kila mtu ambaye hajui kuogelea, basi. Mwenye mtumbwi akisema linakula nafasi ya samaki, aulizwe samaki wangapi wanalingana na baba wa watu.

Halafu kuna mgawanyo, na hapa ndipo ugomvi unazaliwa. Desturi ya wavuvi mahali pengi inajulikana: mtumbwi una fungu lake, wavu una fungu lake, na mikono ina fungu lake. Mgeni asiyeambiwa hayo anarudi ukingoni akifikiri samaki wote watagawanywa sawa. Anapopewa wawili wadogo anaona ameibiwa. Mwenye mtumbwi naye anamwona hana shukrani. Kumbe kosa ni la asubuhi, si la jioni. Ingetosha kusema mbele ya mzee wa kivuko: “Baba, wewe leo ni mwanafunzi. Utapata samaki wa kula nyumbani. Ukianza kupiga kasia bila kufundishwa, utapata fungu la mkono kama wengine.” Na mgeni ajibu kama amekubali au hapana. Maneno hayo yanachukua dakika mbili. Kinachokataliwa ni kumfanyisha mtu kazi miezi mitatu kwa jina la uanafunzi huku akipewa vichwa vya samaki. Hilo likitokea, mzee wa kivuko aingilie kati.

Wako watakaosema kwamba kumfundisha kila anayefika kutamaliza samaki. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mgeni asiyefundishwa hakai bila kuvua. Anavua kwa chandarua. Utafiti mmoja uliofanywa kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba karibu nyumba 87 kwa kila 100 zilizoulizwa zilitumia vyandarua vya mbu kuvulia. Chandarua kina matundu madogo sana, kinazoa hata vifaranga ambavyo havijafikisha urefu wa kidole. Kina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Na usiku ule ule watoto wanalala bila chandarua na kuumwa malaria. Mbaya zaidi ni anayetwanga majani ya sumu na kuyamwaga katika kijito. Mtu mmoja mwenye ndoano kumi, anayejua wapi samaki wanataga na wakati gani wa kuwaacha, ana hasara ndogo kwa mto kuliko watoto watatu wenye chandarua. Wenye mitumbwi wanalijua hili kuliko mtu yeyote.

Mashirika ya kibinadamu yakitaka kusaidia, yasianze na mzigo wa nyavu. Wavu uliopewa mtu asiye na mtumbwi wala mwalimu una njia mbili tu: unauzwa sokoni, au unamzamisha. Ni afadhali kumlipa mwenye mtumbwi kwa siku anazofundisha, kumsaidia mbao na misumari ya kuziba mtumbwi unaovuja, na kumpa ndoano na uzi agawie wanafunzi wake. Kwa njia hiyo mwenyeji naye anaona faida ya kumpokea mgeni. Katika vijiji hivi familia za wenyeji zimegawana mihogo yao na waliohama kwa muda mrefu. Kuwapita kila mara msaada unapokuja kunaharibu ujirani.

Wanawake wasiachwe kando. Katika kazi hii wao ndio wanaokausha, wanaopasua, wanaobeba hadi soko la Kasongo. Wamama waliotoka ziwani wanajua kuanika na kutia chumvi ndakala kwa namna ambayo haijazoeleka huku, na samaki wa mto wanaooza katika joto la saa sita wangeweza kuokolewa kwa ujuzi huo. Mwenye mtumbwi anayemfundisha mume kupiga kasia anaweza kupata, kwa mke wa mtu yule yule, namna ya kufikisha samaki wake sokoni siku tatu baadaye bila kuharibika.

Mvua zinapokatika mwezi wa tano, maji yanaanza kushuka na samaki waliotawanyika katika misitu iliyofurika wanarudi mtoni. Kutoka hapo hadi mwezi wa nane mkondo unazidi kuwa mpole. Hiyo ndiyo miezi ya kuanza. Kabla haijafika, kila kivuko kingeweza kuwa na daftari moja tu kwa mzee wake: majina ya wenye mitumbwi waliokubali kubeba mwanafunzi, idadi ya watu ambayo kila mtumbwi unabeba, fungu lililopatanwa, na kila asubuhi majina ya waliopanda. Jioni mzee anaweka alama kwa kila aliyerudi. Jina likibaki bila alama, mitumbwi inatoka kutafuta kabla giza halijaingia.