Mavazi ya Sauli Hayakumfaa Daudi

Kila mtoto wa Shule ya Jumapili anajua kwamba Daudi alimwangusha Goliathi kwa kombeo. Tunachosahau ni yale yaliyotangulia pambano. Mfalme Sauli, kwa nia njema, alimvika kijana huyo kofia ya shaba na deraya yake mwenyewe. Daudi akajaribu kutembea, akashindwa, akamweleza mfalme waziwazi kwamba hayamfai. Mfalme akasikia. Lau Daudi angenyamaza kwa kuogopa kiti cha enzi, Israeli ingemzika kijana aliyevaa deraya nzuri kabisa.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya mjadala ambao majeshi ya dunia yamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 20: gari la kivita liwe zito ili limkinge askari, au liwe jepesi ili liende upesi na kupita palipo pabaya? Wengi hudhani hilo ni suala la wahandisi na majenerali peke yao. Sisi twasema ni suala la raia pia, na yaliyotokea Marekani yatuunga mkono.

Desemba 2004, huko Kuwait, askari wa cheo cha chini alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, akamwuliza kwa nini wanajeshi waendao Iraq walazimike kuokota vyuma chakavu jaani ili kuyakinga magari yao. Waziri akajibu kwamba mtu huenda vitani na jeshi alilo nalo. Jibu hilo halikuwatosha wananchi wake. Magari mepesi aina ya Humvee, yenye tumbo bapa, yalikuwa yakiraruliwa na mabomu ya barabarani. Mwaka 2007 waziri aliyefuata, Robert Gates, aliyapa kipaumbele magari ya MRAP, ambayo tumbo lake lina umbo la herufi V ili kuutawanya mlipuko kando. Maisha mengi yakaokolewa.

Lakini MRAP yalikuwa mazito na marefu kwenda juu. Katika njia nyembamba za milima ya Afghanistan yalikuwa taabu tupu. Ndipo mwaka 2009 likaagizwa M-ATV, jepesi zaidi, lenye tumbo lilelile la V na magurudumu yanayopanda na kushuka kila moja peke yake. Wepesi haukupatikana kwa kumvua askari kinga, bali kwa kuyasikiliza yaliyompata njiani.

Somo hilo husahauliwa upesi. Mwaka 2022 jeshi hilohilo liliagiza M10 Booker, gari lenye mzinga lililokusudiwa kufuatana na askari wa miguu wenye zana nyepesi. Uzito wake ulikuwa takriban tani 38. Mwaka 2025 ikabainika kwamba katika kambi ya Fort Campbell madaraja 8 kati ya 11 yasingelihimili. Juni mwaka huo jeshi likasitisha ununuzi. Ni aibu, naam. Lakini aibu iliyokiriwa hadharani yagharimu kidogo kuliko kosa lililofunikwa.

Na kwetu je? Machi 25, 2025, nchini Haiti, gari la polisi wa huko lilikwama mtaroni. Magari mawili ya kikosi kilichoongozwa na Kenya yakaenda kulikwamua. Moja likakwama, la pili likaharibika, na kikosi kikavamiwa. Askari mmoja Mkenya hakurudi kambini. Hatumhukumu mtu. Twauliza tu: je, waliopanda magari hayo waliwahi kuulizwa kabla ya siku hiyo? Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tutaambiwa kwamba hizo ni siri za ulinzi. La hasha. Hatuombi kujua unene wa chuma wala njia za doria. Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010 chauweka usalama wa taifa chini ya Katiba na Bunge. Cha 239 chaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Adui hanufaiki Bunge likijua kama gari lilijaribiwa katika matope, mchanga na madaraja ya mahali liendako. Anayenufaika na ukimya ni mwuzaji.

Basi twadai mambo mawili. Kwanza, kabla ya shilingi moja kulipwa au msaada kupokewa, kamati ya Bunge ipewe matokeo ya majaribio. Pili, askari aruhusiwe kusema kwamba gari halifai bila kuadhibiwa. Wapendwa, mwulizeni mbunge wenu msimamo wake kuhusu hayo mawili. Wanaopanda magari hayo ni watoto waliobatizwa mbele yetu. Sauli alikuwa mfalme, na bado alimsikiliza mchunga kondoo.