Nyumba ya Ghorofa ya Kupangisha: Tuanze na Haki Kabla ya Zege

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, apitaye leo katika mitaa ya Kariakoo, Ilala au Magomeni jijini Dar es Salaam huziona zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zikibomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yakisimama majengo ya ghorofa mbili, tatu au nne ya kupangisha. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa mkoa huo kuwa milioni 4.36; sensa ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 5.38. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, nao wote wahitaji pa kulala. Ardhi haiongezeki, basi nyumba hupanda juu.

Nasi hatuoni ubaya katika jambo hilo. Kupangisha ni ijara, mkataba halali ambao kwao mtu huuza manufaa ya nyumba kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana. Familia ya Kiislamu inayotafuta pato la kumsomeshea mtoto na kumtunza mzee hailaumiwi kwa kujenga. Lakini kila tunapoulizwa baada ya sala ya Ijumaa, "Sheikh, tuna kiwanja na akiba kidogo, tuanzie wapi?", nasi huuliza: kiwanja hicho ni cha nani?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya yale tuliyoyaona. Tuliwahi kuketi na familia moja ya ndugu wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Baba yao alifariki akaacha nyumba ya vyumba sita, na mirathi haikugawiwa. Kaka wakaibomoa, wakajenga ghorofa, wakaanza kupokea kodi. Dada walipouliza fungu lao, wakajibiwa kuwa nyumba ya baba haipo tena, iliyopo ni ya waliojenga. Maneno hayo ni batili. Matofali huenda ni ya kaka, lakini ardhi ni ya warithi wote. Qur'ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 7, imethibitisha fungu la wanaume na fungu la wanawake katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kidogo au kingi. Na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni mwangalizi tu, si mmiliki. Ilituchukua miezi mingi kuwapatanisha ndugu hao, na hadi leo salamu zao ni baridi.

Basi hatua ya kwanza ni kugawa mirathi. Kiwanja kithaminiwe, kila mrithi ajue fungu lake kwa hesabu. Anayetaka kuuza fungu lake alipwe thamani yake kwa ridhaa, na anayetaka kubaki awe mshirika. Hapo sheria ya nchi inatusaidia. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake peke yake, na Kenya ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2020. Nyumba ya vyumba sita ilikuwa vigumu kuigawa bila kuiuza. Jengo la makazi manane laweza kugawika, huyu akapata mawili na yule moja, kila mmoja na hati yake.

Hatua ya pili ni mtaji, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sote twajua kwamba katika Surat Al-Baqara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na kuharamisha riba. Wapo wasemao kuwa bila mkopo wa riba hakuna ghorofa. Tuwajibu kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa jengo la makazi sita, kila moja likipangishwa kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 18. Tukadirie kila moja likae tupu mwezi mmoja, zabaki milioni 16.5. Tutoe kodi ya serikali ya asilimia 10, zabaki milioni 14.85. Tutoe na mlinzi, rangi, mabomba, pampu na gari la maji taka, tuseme milioni 2.85, zabaki milioni 12. Sasa, katika miaka ya 2023 na 2024, wastani wa riba ya mikopo ya mabenki ya Tanzania ulikuwa karibu asilimia 15. Aliyekopa milioni 100 kwa kiwango hicho anadaiwa milioni 15 za riba katika mwaka wa kwanza, kabla ya kurudisha hata shilingi moja ya mkopo wenyewe. Jengo limempa 12, benki yataka 15. Nyumba aliyoiweka rehani, ambamo mama yake analala, ndiyo itakayonadiwa.

Njia za halali zipo. Benki ya Amana ilianza kazi mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, na mabenki mengine yamefungua madirisha ya namna hiyo. Ipo murabaha, ambapo benki hununua vifaa na kukuuzia kwa faida inayotajwa. Na upo ushirika unaopungua, ambapo mnamiliki jengo pamoja na wewe ukainunua sehemu ya benki kidogo kidogo. Lakini tusidanganyane: benki hiyo nayo inatafuta faida, na jina la halali halilipi deni. Ikiwa malipo ya mwezi yanazidi kodi itakayobaki mkononi, usitie saini.

Kwa wengi wetu njia iliyo salama ni ushirika wa ndugu na ujenzi wa awamu. Katika ushirika huo faida hugawanywa kwa uwiano uliokubaliwa, na hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Haijuzu kumhakikishia mshirika kiasi maalumu jengo lipate au lisipate, kwani hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Anayesimamia apewe ujira unaojulikana. Na yote yaandikwe, mbele ya mashahidi. Tusione haya kuandikiana na ndugu wa damu; kuandika kunaulinda undugu.

Hatua ya tatu ni jengo lenyewe. Mwenye azma ya ghorofa mbili amwite mhandisi aliyesajiliwa achore msingi wa ghorofa mbili tangu siku ya kwanza, achukue kibali cha halmashauri, kisha ajenge ya chini na kuipangisha akisubiri uwezo. Kuongeza ghorofa juu ya msingi usioandaliwa kwa uzito huo ni kucheza na roho za watu. Mwaka 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka likiwa na wafanyabiashara ndani, wakafa zaidi ya watu 20. Anayepunguza nondo na saruji ili aokoe fedha anaokoa shilingi za leo kwa damu ya mpangaji wa kesho, na dhima hiyo haifutwi na kibali chochote.

Jengo likisimama, tukumbuke zaka. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jidda lilikwisha kuamua mwaka 1985 kwamba jengo la kupangisha halitolewi zaka. Zaka ni ya kodi iliyopokelewa, asilimia 2.5, ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Na mpangaji naye ana haki: apewe mkataba na risiti, na paa linalovuja lizibwe kabla hajadaiwa mwezi unaofuata.

Ndugu zetu, ghorofa inaweza kuwa neema kwa vizazi vitatu, na inaweza kuwa kesi kwa vizazi vitatu. Linaloamua ni kikao cha familia kinachofanyika kabla ya tofali la kwanza. Kifanyeni wiki hii, wazee wangali hai, na dada zenu wawepo.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na atuepushe na dhuluma ya ndugu. Amin.