Mungu Gani Huyu Asiyekupinga Hata Siku Moja?

"Kama Mungu hajasema na wewe wiki hii, jitafakari kama kweli umeokoka." Maneno hayo nimeyasikia Jumatatu asubuhi kwenye redio ya daladala, tumebanana kwenye foleni ya Magomeni, mhubiri anapayuka huku konda anadai nauli. Abiria wakaitikia amina. Mama aliyekaa jirani yangu akainamisha kichwa kwa majuto kama mtu aliyekumbushwa ada ya mtoto. Nilishuka na hasira, na hasira hiyo bado ninayo, ndiyo maana naandika haya.

Siku hizi kila mtu ana laini ya moja kwa moja. Bwana amesema nami. Nimeoteshwa. Nimefunuliwa. Mtu hafungui duka la vipodozi mpaka aoteshwe, na hamwachi mchumba ila "Roho amenizuia". Sina ugomvi na anayesali akapata utulivu wa moyo. Ugomvi wangu ni mmoja, na nitaurudia mpaka mnichoke: mbona huyo Mungu wenu hawaambii hata siku moja jambo msilolitaka?

Kijana wa kwaya akioneshwa mke, anaoneshwa yule binti wa sauti ya kwanza, mzuri, aliyeajiriwa benki. Sijasikia hata mmoja aliyeoneshwa mjane wa watoto watano anayekaanga mihogo. Mpwa wangu alifuatwa na kijana wa namna hiyo baada ya mazoezi ya kwaya, akaambiwa mbinguni limeshapita, yeye ni wa kusema ndiyo tu. Binti akakataa. Akaambiwa anashindana na Mungu, akalia wiki nzima, mama yake akaitisha maombi. Haukupita muda, mbingu zikabadili mawazo: akaoneshwa mwingine, wa usharika wa jirani, na kadi ya mchango wa harusi tukaletewa sisi!

Nabii naye anaambiwa waumini wapande mbegu. Hajawahi kuambiwa awarudishie. Anaoneshwa gari, tena na rangi yake, lakini hajaoneshwa kwamba mhudumu wa kanisa hajalipwa mshahara tangu Pasaka.

Sasa fungueni hiyo Biblia mnayoitikisa. Musa alipoitwa alijitetea kwamba ni mzito wa kusema. Yona alikata tiketi ya meli kuelekea upande mwingine. Yeremia aliishia kwenye shimo la matope. Nathani alitumwa kumkabili mfalme aliyekuwa amechukua mke wa mtu na kumuua mumewe, kazi ambayo hakuna mwenye akili timamu angejiotesha. Hao ndio walioambiwa. Waliokuwa wakimwambia Mfalme Ahabu alichotaka kusikia walikuwa kama mia nne, wote kwa jina la Bwana, na wote walimdanganya. Mfalme akaenda vitani, akafa.

Mtaniambia hayo ni mambo madogo, ya kwaya na magari. Haya, twende Kanungu, Uganda. Credonia Mwerinde, mmoja wa viongozi wa kikundi cha dini huko, alisema Bikira Maria anasema naye. Watu wakauza mali zao, wakakabidhi fedha kwa viongozi, wakangoja dunia iishe mwisho wa mwaka 1999. Haikuisha. Waumini wakaanza kuulizia mali zao, na tarehe ikasogezwa. Machi 17, 2000 kanisa lao liliteketea na mamia ya watu ndani. Nani alimuuliza Bikira Maria kwa nini alikosea tarehe? Hakuna, maana mlango wa kumuuliza alikuwa nao mtu mmoja tu. Miaka 23 baadaye, msitu wa Shakahola kule Kilifi, watu waliambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Tulishangaa kwa wiki mbili, kisha tukarudi kwenye mikesha yetu na spika zetu za kutoboa masikio saa nane za usiku, kana kwamba Mungu anayenong'ona ndotoni ni kiziwi akiombwa.

Na tusijifanye hayo ni ya majirani. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu aliyesema ameoteshwa dawa. Kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita, na waheshimiwa wakanywa mbele ya kamera. Wapo wagonjwa waliofika pale wakiwa wameacha vidonge vya hospitali. Leo ukimuuliza mheshimiwa yeyote, hakumbuki alikunywa.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Tanya Luhrmann, alikaa miaka kadhaa na waumini wa makanisa ya Vineyard huko Chicago na California, na mwaka 2012 akatoa kitabu. Aliyoyakuta ni kwamba kuisikia sauti ya Mungu ni jambo la kujifunza: unafanya mazoezi ya kuchagua, katika mawazo yako mwenyewe, lipi ni lako na lipi ni Lake. Wapo waliohimizwa kummiminia Mungu kikombe cha pili cha kahawa, waketi wazungumze. Yeye mwenyewe hawadhihaki. Mimi nawadhihaki. Ukipewa kazi ya kuchagua mwenyewe lipi kati ya mawazo yako limetoka juu, utachagua lile la kukunja uso au lile tamu?

Ndugu zetu Waislamu wasicheke sana. Masheikh wanafundisha mchana kweupe kwamba istikhara, sala ya kumwomba Mungu akuongoze katika uamuzi, haina sharti la ndoto, lakini kila mwenye posa mbili anaota ile ya mwenye nyumba Mbezi.

Najua jibu langu liko njiani: "Usiwaguse masihi wa Bwana." Hilo ndilo jibu lao, na halina pacha. Kwenye kamati yetu ya ujenzi, mzee mmoja mstaafu, mtu wa mahesabu, aliomba aone risiti za saruji na nondo. Kiongozi akafumba macho kidogo, akasema Bwana amesema naye usiku kwamba roho ya mashaka imeingia kundini. Kikao kikafungwa kwa wimbo. Mzee wa watu akakusanya karatasi zake, akakunja miwani, na tangu siku ile anaitwa mwenye roho ya mashaka. Kumbe Mungu aliyehesabu mpaka nywele za vichwa vyetu anakerwa na hesabu ya mifuko ya saruji!

Uchaguzi ukifika ndio utacheka. Jimbo moja, kiti kimoja, watia nia kumi na wawili, na kila mmoja ameoteshwa kugombea. Kura za maoni zikipigwa, kumi na mmoja wanakata rufaa, na hakuna hata mmoja anayesema labda nilisikia vibaya.

Torati iliweka kipimo ambacho hata mtoto wa Sunday school anakiweza: neno lisipotimia, Bwana hakulisema. Kwa hiyo wewe ambaye sasa hivi umeshika simu unataka kunitumia ujumbe kwamba Bwana amekuonesha adhabu yangu, tuma tu, nitausoma. Ila usiandike "hivi karibuni". Andika tarehe.