Kinamasi si Kiwanja Kitupu

Kila mji unaokua huwa na mahali panapoitwa patupu. Mjini Kampala mahali hapo ni mabonde yaliyo baina ya vilima, ambamo mafunjo yamesongamana hata apitaye barabarani asiyaone maji yaliyo chini yake. Mnunuzi apelekwapo huko kuonyeshwa viwanja huambiwa kwamba ardhi ni tupu, haina mwenyewe, na bei yake ni nafuu. Mimi napinga ujenzi wa nyumba katika mabonde hayo, ziwe za mabati au za ghorofa zenye ukuta na mlinzi langoni. Na hoja yangu inaanzia katika kivumishi hicho, "tupu".

Tutazame kinamasi cha Nakivubo, kusini-mashariki ya mji, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 5. Maji machafu ya katikati ya Kampala, ya mitaroni, ya viwandani na yatokayo katika mtambo wa majitaka wa Bugolobi, hupita humo kabla ya kuingia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, huvutwa maji ya kunywa ya wakazi wa mji. Baina ya uchafu unaoingia na maji yanayovutwa yamesimama mafunjo. Mashina yake hupunguza kasi ya maji, tope likatua; mizizi yake hufyonza naitrojeni na fosforasi, ambazo kama zingefika ziwani zingestawisha mwani na kuyafanya maji yawe magumu kusafishwa. Mwaka 1999 mtaalamu wa uchumi Lucy Emerton na wenzake walikadiria thamani ya huduma hiyo kuwa kati ya dola za Marekani milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo hayadai mshahara, na huenda ndiyo sababu kazi yake haionekani.

Upande wa pili wa mji kipo kinamasi cha Lubigi, kinachopeleka maji yake kaskazini, katika Mto Mayanja. Mvua inyeshapo juu ya vilima, maji hayana mahali pengine pa kwenda ila bondeni. Bonde lililojazwa kifusi halipunguzi maji hayo hata tone moja. Huyahamisha tu, yakaingia katika nyumba ya jirani. Wakazi wa Bwaise hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wapo walioinua vizingiti vya milango yao kwa matofali, na kila ukuta mpya uliojengwa ndani ya kinamasi huwalazimu kuviinua tena. Nyumba anayojengewa mtu mmoja kwa njia hiyo hulipiwa na watu ambao hawakuulizwa.

Nitaambiwa kwamba watu wanahitaji mahali pa kuishi. Ni kweli, wala sitaki kulipuuza hitaji hilo. Kijana aliyetoka kijijini kutafuta riziki hawezi kununua kiwanja kilimani Kololo. Lakini hoja hiyo husemwa mara nyingi na wale ambao si maskini. Kujaza bonde kwa malori ya moramu, kupandisha msingi, kuchimba mitaro na kuzungusha ukuta si kazi ya mtu asiye na fedha. Maskini hutajwa katika maombi ya kibali, kisha hawaonekani katika orodha ya wapangaji. Isitoshe, ziko njia nyingine za kuwapa watu makazi: kujenga kwenda juu badala ya kutandaza nyumba za chini, na kupeleka barabara na maji katika ardhi kavu iliyo mbali kidogo na mji. Njia hizo zina gharama. Gharama ya kinamasi nayo ipo, ila hulipwa baadaye na mtu mwingine.

Hapa mwalimu wa sarufi ana neno la kusema. Twawafundisha wanafunzi kwamba kauli ya kutendwa huruhusu mtenda aachwe bila kutajwa, na sentensi ikabaki sahihi. Sikiliza basi jinsi ujenzi huu unavyosimuliwa: kiwanja kimepimwa, hati imetolewa, kifusi kimemwagwa, nyumba imejengwa. Sentensi zote nne hazina kosa, na katika zote hakuna mtu. Ongeza maneno mawili tu, "na nani", na simulizi nzima inabadilika. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba serikali inashika maziwa, mito, vinamasi na hifadhi za misitu kama amana kwa ajili ya wananchi wote. Mshika amana hana haki ya kuuza. Hata hivyo, kwa takwimu za serikali yenyewe, vinamasi vilivyokuwa asilimia 15.6 ya eneo la nchi mwaka 1994 vilikuwa vimebaki asilimia 8.9 mwaka 2019.

Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira iliwaondoa watu Lubigi na kubomoa nyumba zao. Wako waliofurahia tendo hilo kwa jina la mazingira. Mimi siwezi kulifurahia. Aliyebomolewa ni mnunuzi wa mwisho. Aliyepima, aliyeuza na aliyetia saini walikwisha kuondoka na fedha zao. Mama anayekusanya mabati yake katika tope analipa deni la ofisi ambayo hajawahi kuingia. Kwa hiyo nasema kwamba wakati wa kukataa ni kabla ya lori la kwanza, kwa kuwa baada ya hapo kila lifanyikalo humwumiza mtu.

Kukataa mapema kunawezekana. Jirani zetu wa Kenya walifanya hivyo katika Msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa Nairobi na wenye hekta zipatazo 1,000. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili zijengwe nyumba. Wangari Maathai na wenzake wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani walikwenda huko na miche ya kupanda. Januari 1999 walipigwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Hawakuacha. Mwaka huo huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma, na leo wakazi wa Nairobi hutembea chini ya miti ile ile.

Kwetu Uganda si lazima mtu apigwe ndipo asikilizwe. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua kwamba hati za ardhi zilizotolewa ndani ya vinamasi baada ya mwaka 1995 zifutwe, na ibara ya 50 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki ya wenzake. Mpimaji akionekana bondeni na vigingi vyake, jirani na aende katika ofisi ya ardhi ya wilaya akaulize mambo matatu: nani ameomba, nani ameidhinisha, na hati ni ya mwaka gani.