Mstari Mwekundu Haumfikii Mkulima

Saa 1:30 asubuhi mstari mwekundu unapigwa kwenye daftari la mahudhurio. Aliyesaini juu yake ni mtumishi mwema. Wa chini ataandika barua ya kujieleza. Mkulima wa pamba wa Buseresere, ambaye funza wa vitumba wanammalizia shamba, hayumo kwenye daftari hilo kabisa.

Sisi wa Chato jambo hili linatugusa. Mtoto wa hapa, John Magufuli, aliapishwa kuwa Rais tarehe 5 Novemba 2015. Kesho yake alitembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Hasira yake ilikuwa ya haki, na niliishangilia. Lakini mabosi wengi walichojifunza ni kujaza viti, basi.

Afisa ugani akisaini saa 1:25 akaketi ofisini mpaka 9:30, rekodi yake ni safi. Mwenzake aliyedamkia Bwanga kukagua mashamba kabla jua halijawa kali anaandikiwa utoro. Tunamwadhibu mtu kwa kufanya kazi tuliyomwajiria! (Muuguzi wa zamu na mwalimu mwenye kipindi siwagusi, wao wasipokuwapo saa ile, kazi yenyewe haipo.)

Nitaambiwa upimaji wa utendaji upo. Upo, ndiyo. Mfumo wa OPRAS ulianza mwaka 2004, na fomu zikawa zinajazwa kwa mkupuo mtu anapokaribia kupanda daraja. Sasa tuna PEPMIS: mtumishi anaingiza majukumu yake mtandaoni, msimamizi anatoa alama. Lakini akijiandikia "kuhudhuria vikao 12" na bosi akathibitisha, tumelihamisha daftari tu, kutoka mezani hadi kwenye kompyuta.

Badala yake, andikeni vijiji ambavyo afisa ugani amefika na mashamba yaliyopuliziwa dawa kwa wakati. Kisha orodha hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa sheria hukutana kila miezi 3. Wananchi waulizwe: mlimwona? Wakisema hapana, alama ya bosi ifutwe, hata kama mtumishi hajawahi kuchelewa hata siku moja. Wakisema ndiyo, apandishwe daraja, hata kama jina lake liko chini ya mstari.

Halmashauri ianze na maafisa ugani, na ianze msimu huu, kabla pamba haijatoa vitumba.