Kome na Mkunga: Nani Amefungiwa Njia?

Kome wa mtoni husafisha maji kwa kuyachuja, lakini hakui bila msaada: watoto wake hujishika kwanza kwenye matamvua ya samaki. Katika mto Susquehanna, Marekani, aina moja ya kome humtegemea sana mkunga anayepanda kutoka baharini. Bwawa la Conowingo, lililokamilika mwaka 1928, lilimfungia njia. Kome wakubwa waliendelea kuishi miaka mingi, mto ukaonekana mzima, kumbe wachanga walikuwa haba. Kuanzia 2010 wataalamu walipeleka mikunga wadogo katika kijito cha Buffalo Creek, na baadaye kome wachanga wakaonekana.

Laudato Si' ya mwaka 2015 inatukumbusha kwamba viumbe hutegemeana. Naona hata parokia ni hivyo. Kanisa laweza kujaa wazee waaminifu kila Jumapili, nasi tukaridhika. Lakini imani ya mtoto hubebwa kwanza na familia na Jumuiya Ndogo Ndogo. Hizo zikilegea, semina za vijana hazitaziba pengo. Basi, kabla ya kuuliza miito imekwenda wapi, tuulize: ni nani tumemfungia njia?