Makaa ya Kitui na siri ya mawimbi

Ukisikia makaa ya Kitui, bila shaka fikira zako huenda moja kwa moja kwenye jiko na nyama choma. Lakini je, wajua kwamba kaa hilo jeusi lina uwezo wa kumeza mawimbi ya mikrowevu?

Mawimbi hayo hupasha chakula moto katika majiko ya kisasa, hubeba mazungumzo kati ya milingoti ya simu na hutumiwa na rada kuongoza ndege. Yakizagaa ovyo, mtambo mmoja huweza kuuvuruga mwingine. Ndipo wanasayansi hutafuta vitu vya kuyameza.

Bati huyazuia, lakini huyarudisha kama kioo kirudishavyo mwanga, tena ni zito. Kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makaa, ina tabia nyingine. Wimbi huzisukuma elektroni zake, nazo zikisukumwa, nguvu ya wimbi hugeuka joto. Kaboni ikiwa na vitundu vingi, wimbi hupata mlango wa kuingia, likagongagonga ndani hadi likafifia. Na kwa kuwa vitundu ni hewa tupu, kitu chenyewe huwa chepesi.

Vitundu hivyo hupimwa kwa nanomita. Milimita moja tu ina nanomita 1,000,000! Mwaka wa 1991, Mjapani Sumio Iijima alieleza mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache, na tangu hapo utafiti ukashika kasi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti, kwani miti ilikuwa ikiteketea. Mgunga huchukua miaka mingi kukua, lakini gunia la makaa huisha jikoni kwa wiki chache.

Kumbe kaboni hii haihitaji mti kukatwa! Watafiti wameitengeneza kwa makapi ya mpunga na vifuu vya nazi. Makueni kuna kokwa za maembe zinazotupwa kila msimu. Je, wanafunzi wa chuo kikuu kilichoko Kwa Vonza, Kitui, hawawezi kuzijaribu?

Wazazi, waonyeni watoto: kaa lisitiwe kamwe katika jiko la mikrowevu. Hushika moto upesi na kurusha cheche.